Kupima nadharia tete na kutafuta masafa ya uhakika: namna ya kujizoeza hatua kwa hatua

Maswali ya wanaoanza takwimu hufanana. Nitumie z au t? Mkia mmoja au miwili? Mbona nimepata 2.39 na kitabu kinasema 2.27? Na hiyo 95% ni uwezekano wa nini hasa?

Mengi kati ya hayo hupungua ukijizoesha jambo moja: kila swali lifanye mara mbili kwa data zilezile. Mara ya kwanza lifanye kama jaribio la nadharia tete, mara ya pili tafuta masafa ya uhakika. Majibu hayo mawili yanatakiwa kukubaliana. Yakipingana, umekosea mahali, na unaweza kuanza kulisaka kosa kabla hujafungua ukurasa wa majibu. Anayefanya upande mmoja tu hukosa mlinzi huyo.

Vya kuwa navyo

- Kikokotoo chenye kipeuo cha pili (√) na kitufe cha kuhifadhi namba. Kuhifadhi namba si anasa. Utaona sababu kwenye hatua ya 6.
- Jedwali la z na jedwali la t. Kabla ya kusoma namba yoyote, tazama mchoro ulio juu ya jedwali: kivuli kimetiwa kwenye mkia mmoja, mikia miwili, au eneo lote la kushoto? Majedwali hayafanani, na kusoma safu isiyo yake ni kosa linalojirudia sana.
- Programu ya lahajedwali kama Excel au LibreOffice Calc, au R, programu ya takwimu ambayo ni ya bure. Hii ni ya kuhakiki na ya zoezi la mwisho. Hesabu za mwanzo zifanye kwa mkono.
- Maswali yasiyopungua 20 yenye majibu, ya aina zilizochanganywa. Maswali ya mwisho wa sura moja hayatoshi, kwa sababu yote hutumia kanuni ileile, hivyo hayakufundishi kuchagua.

Maneno tutakayotumia: *kundi zima* ni vitu vyote unavyotaka kuvisemea, *sampuli* ni vile vichache ulivyovipima. Wastani wa kundi zima ni µ, wa sampuli ni x̄. Mkengeuko sanifu (kipimo cha namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) wa kundi zima ni σ, wa sampuli ni s. Idadi ya vipimo katika sampuli ni n. *H0* ni nadharia tete sifuri, ile inayosema hakuna tofauti wala badiliko. *H1* ni nadharia tete mbadala. *z* na *t* ni namba zinazoonyesha matokeo ya sampuli yako mbali kiasi gani na H0, na *mkia* ni ncha ya mchoro wake, ya kushoto au ya kulia. *Alfa* ni kiwango cha kosa unachokubali kubeba, mara nyingi 0.05. *Masafa ya uhakika* ni namba mbili, ya chini na ya juu, zinazokadiria kitu cha kundi zima kisichojulikana.

Zoezi la kwanza: chagua, usikokotoe

Wengi hufeli mtihani kabla ya kugusa kikokotoo. Chukua maswali yako 20, na kwa kila moja jibu mambo manne tu:

1. Data ni vipimo (uzito, muda, alama) au ni ndiyo/hapana zinazohesabiwa?
2. Sampuli ni moja au mbili?
3. Kama ni mbili, je, kila namba ya kwanza ina mwenzake maalumu katika ya pili? Mtu yuleyule kabla na baada, jicho la kushoto na la kulia, mashine mbili zikipima kitu kilekile?
4. Je, swali limekupa σ ya kundi zima, au umepewa s ya sampuli, au namba ghafi?

Majibu yake yanakupeleka hivi. Vipimo, sampuli moja, σ inajulikana: z. Vipimo, sampuli moja, σ haijulikani: t, yenye digrii za uhuru (namba inayokuambia usome mstari upi wa jedwali la t) n − 1. Vipimo vilivyo jozi: toa tofauti kwanza, kisha t ya sampuli moja juu ya hizo tofauti. Vipimo vya sampuli mbili zisizohusiana: t ya sampuli mbili. Ndiyo/hapana: z ya uwiano.

Rudia mpaka uweze kupanga yote 20 bila kukosea hata moja. Huchukua kama nusu saa, na hakuna nusu saa yenye faida zaidi katika somo hili.

Onyo kuhusu z na t: ile kanuni ya "n ikizidi 30 tumia z" ilifaa enzi za majedwali mafupi. Kinachoamua ni kama σ inajulikana. Ikiwa haijulikani, tumia t hata kama n ni 300. Kwa sampuli kubwa t na z hukaribiana, kwa hiyo hupotezi kitu. William Sealy Gosset, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness, alichapisha mtawanyo wa t mwaka 1908 kwa jina la "Student", akihangaikia sampuli ndogo hasa. Kutumia z kwa sampuli ndogo ni kurudi kwenye tatizo alilokwisha kulitatua.

Hatua za kazi, kwa mfano mmoja kamili

Mashine inatakiwa kujaza chupa mililita 500. Chupa 10 zimechukuliwa kwa nasibu na kupimwa:

498, 503, 495, 499, 501, 494, 497, 500, 496, 497

Je, wastani wa mashine umehama kutoka 500?

1. Andika unachokitafuta kwa maneno, kisha kwa alama. "µ ni wastani wa ujazo wa chupa zote zinazojazwa na mashine hii." Halafu: H0: µ = 500; H1: µ ≠ 500. Usiandike H0: x̄ = 500. Wastani wa sampuli unaujua tayari, hauna haja ya kudhaniwa. H0 husemea kundi zima daima, na alama ya usawa hukaa kwake.

2. Amua mikia na alfa kabla ya kutazama data. Swali linauliza kama wastani "umehama", bila kutaja upande, hivyo ni mikia miwili. Lingeuliza kama "umepungua", ingekuwa H1: µ < 500, mkia mmoja. Tafuta neno la upande ndani ya swali lenyewe: kupungua, kuzidi, bora kuliko, angalau. Ukikosa neno hilo, ni mikia miwili. Kuona kwanza kwamba x̄ iko chini ya 500 ndipo uchague mkia wa kushoto ni udanganyifu hata kama hukukusudia, kwani alfa yako ya 0.05 huwa imegeuka kuwa 0.10 kimyakimya. Hapa tuchukue alfa 0.05.

3. Kagua masharti. Sampuli ni ya nasibu? Chupa moja haiathiri nyingine? Kwa sampuli ndogo kama hii, weka namba kama nukta kwenye mstari na uangalie kama kuna iliyojitenga mbali na wenzake. Hapa zote ziko kati ya 494 na 503, zimejikusanya katikati, tunaweza kuendelea. Usiruke hatua hii kwa sababu haina hesabu. Sampuli iliyochukuliwa vibaya haiponywi na kanuni yoyote.

4. Tafuta wastani na mkengeuko sanifu. Jumla ni 4980, x̄ = 498. Tofauti za kila chupa na 498 ni 0, 5, −3, 1, 3, −4, −1, 2, −2, −1. Zijumlishe: lazima upate 0, la sivyo wastani umekosewa. Vipeo vya pili vyake vina jumla ya 70. Gawanya kwa n − 1, yaani 9, si 10: 70 ÷ 9 = 7.7778. Kipeuo chake: s = 2.7889.

5. Tafuta kosa sanifu. s ÷ √n = 2.7889 ÷ 3.1623 = 0.8819. Tenganisha vitu hivi viwili kichwani: s huonyesha chupa moja moja zinavyotofautiana, kosa sanifu huonyesha wastani wa chupa 10 ungeyumba kiasi gani kama ungechukua sampuli nyingine. Kusahau kugawanya kwa √n hutoa t ndogo kupita kiasi, na kila jaribio litaonekana halina kitu.

6. Tafuta t. (498 − 500) ÷ 0.8819 = −2.268. Sasa tazama hatari ya kukadiria mapema. Ungeandika s = 2.8, kosa sanifu lingekuwa 0.8854 na t ingekuwa −2.259. Tofauti ni ndogo, lakini mpaka utakaouona kwenye hatua inayofuata ni 2.262, na uamuzi wako ungegeuka. Hifadhi namba kamili kwenye kikokotoo. Kadiria jibu la mwisho tu.

7. Linganisha na mpaka, yaani thamani ya jedwali ambayo t ikiivuka H0 hukataliwa, kisha tafuta p, yaani uwezekano wa kupata sampuli ya ajabu kiasi hiki au zaidi kama H0 ni kweli. Digrii za uhuru ni 9. Kwenye jedwali la t, mstari wa 9, mikia miwili, 0.05, mpaka ni 2.262. Thamani yetu bila alama ya kutoa ni 2.268, imevuka mpaka, tunaikataa H0. Kwa p, soma mstari uleule: 2.268 iko kati ya 2.262 (0.05) na 2.821 (0.02), kwa hiyo p iko kati ya 0.02 na 0.05. Lahajedwali, =T.DIST.2T(2.2678,9), hutoa karibu 0.0495.

8. Tafuta masafa ya uhakika ya 95%. x̄ ± mpaka × kosa sanifu = 498 ± 2.262 × 0.8819 = 498 ± 1.995. Masafa ni 496.005 hadi 499.995. Angalia: mpaka ni uleule wa 2.262, kosa sanifu ni lilelile. Hakuna kipya cha kukariri.

9. Fanya majibu mawili yahojiane. Jaribio limeikataa 500. Je, 500 iko nje ya masafa? Ndiyo, iko nje kwa unywele. Yanakubaliana. Kanuni ya kuhakiki ni hii: alfa 0.05 yenye mikia miwili huenda na masafa ya 95%, alfa 0.01 huenda na 99%. Jaribu 99% kwa mfano huuhuu: mpaka ni 3.250, masafa ni 495.13 hadi 500.87, 500 imo ndani, na kwa alfa 0.01 H0 haikataliwi. Hapa pia yamekubaliana.

10. Andika hitimisho kwa sentensi mbili zinazotaja chupa. Moja ya jaribio: "Kwa alfa 0.05 kuna ushahidi kwamba wastani wa ujazo wa chupa zote si mililita 500 (t = −2.27, digrii za uhuru 9, p = 0.0495)." Moja ya masafa: "Kwa uhakika wa 95%, wastani huo unakadiriwa kuwa kati ya 496.005 na 499.995." Hitimisho linaloishia "tunaikataa H0" halijamjibu aliyeuliza swali.

Mfano huu umechaguliwa makusudi ukae ukingoni. p ya 0.0495 na p ya 0.0505 ni ushahidi wa uzito uleule, ingawa moja "hukataa" na nyingine "haikatai". Ndiyo maana andika p yenyewe na masafa, siyo neno "tunaikataa" peke yake. Masafa pia yanakuambia jambo ambalo p haisemi: upungufu unaweza kuwa mdogo kama 0.005 au mkubwa kama mililita 4. Kama mililita 4 hazimdhuru mtu, matokeo haya yana maana ya kitakwimu lakini huenda hayana uzito wa kivitendo.

Sentensi zinazokatwa alama

"Tumethibitisha H0 ni kweli." Hapana. p kubwa ina maana kwamba ushahidi haukutosha kuikataa. Sampuli ndogo haiwezi kuona tofauti ndogo, na kutoona si sawa na kutokuwepo.

"p ni uwezekano kwamba H0 ni kweli." Hapana. p huhesabiwa kwa kudhani kwanza kwamba H0 ni kweli, kisha huuliza: ikiwa ni hivyo, sampuli ya ajabu kiasi hiki au zaidi ingetokea mara ngapi?

"95% ya chupa zina ujazo kati ya 496 na 500." Hapana tena. Masafa haya ni ya wastani. Tazama data zenyewe: 503, 495, 501 na 494 ziko nje.

"Kuna uwezekano wa 95% kwamba µ imo kati ya 496.005 na 499.995." Hili ndilo gumu. µ haitembei, ama imo, ama haimo. Kinachobadilika ni masafa, kila unapochukua sampuli mpya. Ile 95% ni sifa ya njia: ukiirudia mara nyingi sana, takriban 95 kati ya kila masafa 100 yatainasa µ. Maelezo haya hayakai kichwani kwa kusomwa. Hukaa kwa kufanya zoezi la mwisho la mwongozo huu.

Mtego wa jozi

Wanafunzi 8 wamefanya mtihani kabla na baada ya mafunzo ya ziada:

Kabla: 40, 52, 61, 47, 55, 70, 44, 58
Baada: 43, 57, 60, 51, 57, 70, 50, 63

Njia sahihi: toa kila mtu na mwenyewe. Tofauti ni 3, 5, −1, 4, 2, 0, 6, 5. Wastani wake ni 3, jumla ya vipeo vya pili vya mikengeuko ni 44, s = √(44 ÷ 7) = 2.5071, kosa sanifu 0.8864, t = 3.38, digrii za uhuru 7. Mpaka ni 2.365. Masafa ya 95% ni 0.90 hadi 5.10, sifuri haimo, H0 inakataliwa.

Njia mbaya: kuzichukulia kama sampuli mbili zisizojuana. Mikengeuko sanifu ni 9.768 na 8.383, kosa sanifu linakuwa 4.551, na t inashuka hadi 0.66. Data zilezile, tofauti ileile ya alama 3, lakini ushahidi wote umemezwa na tofauti kati ya mwanafunzi dhaifu na hodari, jambo ambalo hatukuulizwa. Fanya mfano huu kwa mkono kwa njia zote mbili, ukishaona 3.38 ikigeuka 0.66 hutasahau tena kuuliza swali la 3 la zoezi la kwanza.

Sampuli zikiwa kweli hazihusiani, kosa sanifu ni √(s1²/n1 + s2²/n2). Kwa mkono, digrii za uhuru chukua ile ndogo kati ya n1 − 1 na n2 − 1. Ni tahadhari inayokubalika. Na usilinganishe makundi mawili kwa kutazama kama masafa yao yanaingiliana. Yanaweza kuingiliana kidogo na bado tofauti ikawa ya kweli kitakwimu. Tafuta masafa ya tofauti yenyewe, uone kama sifuri imo.

Uwiano: kosa sanifu mbili, siyo moja

Kati ya watu 200 waliochaguliwa kwa nasibu, 116 wamejibu ndiyo. Je, uwiano wa kundi zima si 0.5?

1. Uwiano wa sampuli: 116 ÷ 200 = 0.58.
2. Sharti: kwa H0, ndiyo zinazotarajiwa na hapana zinazotarajiwa zote ziwe 10 au zaidi. Hapa ni 100 na 100. Vitabu vingine huridhika na 5. Fuata cha darasa lako.
3. Kosa sanifu la jaribio hutumia 0.5, kwa sababu tunadhani H0 ni kweli: √(0.5 × 0.5 ÷ 200) = 0.03536. z = 0.08 ÷ 0.03536 = 2.26, p karibu 0.024.
4. Kosa sanifu la masafa hutumia 0.58, kwa sababu hapa hakuna H0 tunayoidhani: √(0.58 × 0.42 ÷ 200) = 0.0349. Masafa ya 95%: 0.58 ± 1.96 × 0.0349, yaani 0.512 hadi 0.648.

Kwa kuwa kosa sanifu si moja, kwenye uwiano jaribio na masafa yanaweza kupingana kwa nadra, p inapokuwa karibu kabisa na alfa. Hapo tu ndipo kupingana si kosa lako.

Zoezi la mwisho: tengeneza ukweli wako

Kitabuni hujui kamwe kama µ ilinaswa. Kwenye kompyuta unaweza kuichagua µ mwenyewe, kisha uone njia yako inaipata mara ngapi. Tuseme µ = 50 na σ = 10, sampuli za vipimo 10.

1. Kwenye lahajedwali, andika =NORM.INV(RAND(),50,10) katika A1 na uivute hadi J1.
2. Katika K1: =AVERAGE(A1:J1)
3. Katika L1: =CONFIDENCE.T(0.05,STDEV.S(A1:J1),10)
4. Katika M1: =IF(ABS(K1-50)<=L1,1,0). Jibu 1 ni kwamba masafa yameinasa 50.
5. Vuta A1 hadi M1 zote kwenda chini hadi mstari wa 100, na katika N1: =SUM(M1:M100)
6. Bonyeza F9 mara 20, ukiandika N1 kila mara.

Utaona namba zikicheza karibu na 95: 93, 97, 94, 96. Si 95 kila mara. 91 au 99 ni ya kawaida. Kila sifuri ndani ya safu ya M ni jaribio lililoikataa H0 ya kweli, yaani kosa la aina ya kwanza. Alfa ya 0.05 ndiyo hiyo, sasa unaiona kwa macho.

Kisha vunja kitu makusudi. Badala ya L1 weka =1.96*STDEV.S(A1:J1)/SQRT(10), yaani z mahali pa t, na uivute hadi L100. Jumla itashuka hadi karibu 92. Ungetumia vipimo 5 tu, ingekuwa karibu 88. Unaahidi uhakika wa 95% na kutoa 88%: huo ndio uzito halisi wa kosa la z na t.

Jaribio la pili: rudisha L1 ya mwanzo, kwenye NORM.INV weka 55 badala ya 50, lakini M1 iache ikilinganisha na 50. Sasa H0 ni ya uongo na tungependa ikataliwe. Kwa vipimo 10 itakataliwa mara kama 29 tu kati ya 100. Ukiongeza vipimo hadi 34, itakataliwa karibu mara 80. Baada ya kuona hivyo, hutaandika tena "tumethibitisha hakuna tofauti" kwa sampuli ya 10.

Kwa R, zoezi la kwanza ni mistari hii:

```
set.seed(1)
imenasa <- replicate(100, {
  x <- rnorm(10, 50, 10)
  m <- t.test(x)$conf.int
  m[1] <= 50 & m[2] >= 50
})
sum(imenasa)
```

Jibu likikataa kulingana

*t yako ni kubwa kidogo kuliko ya kitabu.* Umegawanya kwa n. Kwenye mfano wa chupa ungepata 2.39 badala ya 2.27. Kwenye lahajedwali kosa hili huitwa STDEV.P, tumia STDEV.S. Vikokotoo vingi vina vitufe viwili pia: chagua chenye n − 1 au s.

*Masafa yako ni membamba kuliko ya kitabu.* Ama umetumia 1.96 mahali pa t, ama umesoma safu ya mkia mmoja. Kwa digrii 9, safu ya mkia mmoja ya 0.05 hutoa 1.833, ambayo ni mpaka wa masafa ya 90%.

*p ni nusu au mara mbili ya ile ya kitabu.* Ni mikia. Rudi hatua ya 2 usome swali upya.

*p imezidi 1.* Umezidisha kwa 2 eneo kubwa badala ya mkia. Tafuta mkia mdogo kwanza, ndipo uzidishe.

*T.DIST.2T inatoa #NUM!* Haikubali namba hasi. Andika =T.DIST.2T(ABS(t),digrii).

*Lahajedwali inalalamikia alama ya mkato.* Baadhi ya mipangilio ya lugha hutaka nukta-mkato (;) kati ya vipengele vya fomula.

*Digrii za uhuru ulizo nazo hazimo kwenye jedwali.* Una 47, jedwali lina 40 na 50: tumia 40. Masafa yatapanuka kidogo, na hilo ni salama kuliko kuyabana.

*R inatoa digrii za uhuru zenye desimali kwa sampuli mbili.* Si hitilafu. t.test hutumia njia ya Welch isipoelekezwa vingine. Kitabu kikidhani mitawanyiko (σ²) ya makundi mawili ni sawa, ongeza var.equal = TRUE.

*prop.test(116, 200) ya R haifanani na hesabu ya mkono.* Huweka sahihisho la mwendelezo, yaani hupunguza tofauti kidogo kabla ya kuipima. Andika correct = FALSE, na utapata 5.12, ambayo ni 2.2627 kwa kipeo cha pili. Masafa bado yatatofautiana kidogo, 0.511 hadi 0.646, kwa sababu R hutumia fomula ya Wilson.

*Masafa ya uwiano yamepita 1 au kushuka chini ya 0.* Sampuli haikutimiza sharti la 10. Tumia binom.test ya R.

*Jaribio na masafa vinapingana, na data ni vipimo.* Kagua kwa mpangilio huu: je, jaribio ni la mkia mmoja na masafa ni ya pande mbili? Je, alfa na kiwango cha uhakika vinajumlika kuwa 1? Je, mpaka ni mmoja pande zote? Je, ulikadiria namba katikati ya hesabu? Karibu kila mara ni mojawapo ya haya manne.